HIRTA: KIJIJI KILICHOBAKI MAWE MATUPU

Ndugu msomaji, safari hii tunakwenda mbali. Tunakwenda Uskoti, nchi iliyoko kaskazini mwa Uingereza. Wala hatuishii bara. Tunapanda boti, tunafika visiwa vya magharibi viitwavyo Hebrides, halafu navyo tunaviacha nyuma. Tukikata tena bahari ya Atlantiki kwa kilomita 64 hivi, tunaona vilima vya mawe vimesimama majini peke yake. Hapo ndipo St Kilda. Ni visiwa vichache, na kilicho kikubwa kuliko vyote huitwa Hirta.

Kusema kikubwa ni kusema tu. Hirta yote ni hekta 670 hivi, yaani ekari 1,600 na ushei. Miti hakuna. Upepo wa bahari unavuma mwaka mzima, na wakati wa baridi unavuma mpaka mtu hawezi kusimama wima. Mlima wake mrefu, Conachair, una kimo cha mita 430. Upande mmoja wa mlima huo umekatika wima mpaka baharini, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Kwenye majabali hayo wanakaa ndege wa bahari kwa maelfu na maelfu.

Upande wa kusini kuna ghuba, na juu ya ghuba kuna kijiji. Kina barabara moja tu, iliyopinda kama upinde, na nyumba za mawe zimejipanga kando yake. Kuna vichanja, kuna kuta za mashamba, kuna makaburi. Kitu kimoja hakipo: wenyeji. Waliondoka wote siku moja, tarehe 29 Agosti mwaka 1930.

Sasa basi, tujiulize. Watu hao walianza kuishi hapo lini? Nani alikuwa wa kwanza kufika? Na sisi tulio mbali tutajuaje?

MASHAHIDI WATATU

Anayetaka kujua habari za kale ana mashahidi watatu. Wa kwanza ni masimulizi ya wazee. Wa pili ni maandishi. Wa tatu ni mabaki, yaani vitu ambavyo watu wa zamani waliviacha: nyumba, vigae, mifupa, majivu, hata udongo wenyewe. Tuwaite mmoja mmoja.

Masimulizi ya Hirta yalipata pigo kubwa mwaka 1727. Mwaka huo uliingia ugonjwa wa ndui, ule ambao siku hizi umekwisha duniani. Inasemekana mtu mmoja wa Hirta alikwenda kisiwa cha Harris, akafia huko, na nguo zake zikarudishwa nyumbani. Ugonjwa ukaja na nguo. Karibu watu wazima wote wakafa.

Kabla mambo hayajaharibika, mwezi wa Agosti, wanaume watatu na wavulana wanane walikuwa wamepelekwa kwa boti kwenye jabali liitwalo Stac an Armin kuwinda ndege. Jabali hilo limetoka baharini kwa kimo cha mita 196, halina nyumba wala shamba. Walitazamia kuchukuliwa baada ya siku chache. Siku zikapita, boti haionekani. Kumbe kule kijijini hawakubaki watu wenye nguvu ya kutosha kupiga makasia! Wale kumi na mmoja walikaa juu ya jabali majira yote ya baridi, wakila ndege na samaki, mpaka mwezi wa Mei mwaka 1728, mwakilishi wa mwenye kisiwa alipofika na kuwachukua. Wote walikuwa hai. Lakini waliporudi nyumbani walikuta nini? Makaburi.

Mwenye kisiwa alileta familia nyingine kutoka Harris kujaza pengo. Kwa hiyo wengi wa waliokaa Hirta baadaye hawakuwa wajukuu wa waliokaa mwanzo. Mzee akifa bila kusimulia, mambo mengi huzikwa pamoja naye. Hapa walikufa karibu wazee wote kwa mara moja.

Shahidi wa pili, maandishi, naye alichelewa kufika. Mwaka 1697 msafiri mmoja, Martin Martin, mzaliwa wa visiwa vya jirani, alifika Hirta, na mwaka uliofuata akatoa kitabu. Aliandika kwamba kisiwa kilikuwa na watu 180 hivi. Alieleza chakula chao, nyumba zao na jinsi walivyopanda majabali kwa kamba. Aliandika pia hadithi aliyoisikia: kwamba nyumba moja ya mawe, iliyoko bonde la upande wa pili, ilikuwa ya mwanamke shujaa aliyependa kuwinda, zamani za kale bahari ilipokuwa nchi kavu kutoka Hirta mpaka Harris. Hadithi tamu sana, nasi tunaichukua kama hadithi. Lakini inatuonyesha jambo moja. Hata wenyeji wa mwaka 1697 waliiona nyumba hiyo ni ya kale mno, wasimjue aliyeijenga.

Basi amebaki shahidi wa tatu. Huyu hana kinywa wala kalamu, ila ukijua kumhoji anasema.

JEMBE LA JIWE

Juu ya kijiji kuna kilima kiitwacho Mullach Sgar. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa mambo ya kale, yaani watu wanaochunguza ardhi ili kujua habari za waliotangulia, walikikagua kilima hicho kwa makini. Waliona mashimo na vifusi. Mtu mwingine angepita tu akisema ni mawe yaliyoporomoka. Wao wakainama, wakaokota, wakatazama. Mawe yalikuwa yamebanduliwa kwa mkono wa mtu. Yalikuwa marefu, membamba, yamechongwa kingo zake. Yalikuwa majembe!

Naam, majembe ya mawe. Watu wa kale walichimba mwamba mgumu pale mlimani, wakaufanya jembe, wakalitia mpini, wakalima. Vipande vya zana hizo vimekutwa hata ndani ya kuta zilizojengwa karne nyingi baadaye. Mjenzi aliokota jiwe la kujengea, asijue kwamba ameokota jembe la mkulima mwenzake aliyekufa zamani.

Sisi wakulima tunaweza kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mtu hachongi jembe ili apite njia. Mvuvi au mwindaji wa ndege anaweza kuja kisiwani wiki mbili akaondoka, wala hataacha jembe. Mwenye jembe anapanda, na anayepanda hukaa angoje kuvuna. Kwa hiyo majembe yale yanatuambia kwamba Hirta ilikuwa na wakulima wakaazi, siyo wapita njia.

Upande wa mashariki wa kijiji vimepatikana vigae vya vyungu vya namna iliyofinyangwa katika visiwa vya Hebrides zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Na mwaka 2017 hadi 2019, kabla ya kujenga upya majengo ya kambi ya jeshi iliyoko pale ghubani, wataalamu walichimba kwanza wakakuta vigae vingi vya Zama za Chuma, yaani zama ambazo watu wa huko walikwisha kujua kufua chuma, miaka 2,000 hivi iliyopita.

Msomaji atauliza: kigae hakikuandikwa tarehe, miaka hiyo wanaihesabuje? Swali zuri. Njia moja ni kulinganisha. Kila kizazi kina namna yake ya kufinyanga na kupamba chungu. Mtaalamu akishaviona vyungu vingi, anakijua cha zama fulani, kama mama anavyoijua kanga ya mwaka gani. Njia ya pili ni ya kisayansi. Kila mti na kila mnyama anapokuwa hai huingiza mwilini kitu kiitwacho kaboni. Iko aina moja ya kaboni ambayo, kiumbe akishakufa, huanza kupungua polepole kwa mwendo unaojulikana. Ikipita miaka 5,700 hivi hubaki nusu. Ikipita mingine kama hiyo hubaki robo. Basi ukiwa na kipande cha mkaa au mfupa, unapima kilichobaki, unapata umri wake. Njia hii iligunduliwa Chicago, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940. Ndiyo maana mchimbaji wa mambo ya kale hufurahi kuona majivu jikoni kuliko kuona dhahabu.

NYUMBA YA CHINI

Katika miaka ya 1840 mwanakijiji mmoja alikuwa akichimba shambani. Mara chombo chake kikagonga jiwe, na chini ya jiwe pakaonekana uwazi. Lilikuwa pango jembamba lililojengwa kwa mawe pande zote mbili, na kuezekwa kwa mawe mapana. Watu wakashangaa. Wakaliita kwa lugha yao nyumba ya majini, maana binadamu gani angejenga chini ya ardhi?

Mwaka 1876 mwandishi mmoja, John Sands, alilisafisha pango hilo. Ndani alikuta makombe ya baharini, mifupa ya kondoo, ya ng'ombe na ya ndege, pamoja na zana za mawe. Majini hayali kondoo yakaacha mifupa! Kuna mapango ya namna hii mahali pengi huko Uskoti, nayo ni ya Zama za Chuma. Wataalamu wengi wanaona yalikuwa maghala. Ndani yake ni baridi na giza, chakula hakiharibiki upesi.

Lakini tuseme ukweli, uchimbaji wa enzi zile haukuwa na utaratibu wa siku hizi. Siku hizi kila kitu huchorwa na kupimwa mahali kilipolala kabla hakijaguswa: kilikuwa juu ya nini, chini ya nini, kando ya nini. Kigae kikiondolewa mahali pake bila kuandikwa ni kama neno lililokatwa kutoka kwenye ukurasa wa kitabu. Neno unalo, lakini habari yake imepotea. Huko Hirta viliwahi kupatikana vikuku viwili vya kubania nguo, kazi ya Wanoski, yaani mabaharia waliotoka pande za Norwei zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Viko wapi leo? Vilipotea.

KONDOO NAO NI MASHAHIDI

Si mawe peke yake yanayotoa ushahidi. Jirani na Hirta kuna kisiwa kidogo kiitwacho Soay. Juu yake wanaishi kondoo wadogo, wengi wao rangi ya kahawia, wepesi wa miguu kama mbuzi. Hawana mchungaji. Manyoya yao hayakatwi kwa mkasi. Majira yakifika yanajinyofoka yenyewe, na wenyeji walikuwa wakiyang'oa kwa mkono. Kimo na mifupa ya kondoo hao vinafanana na vya kondoo waliofugwa Ulaya maelfu ya miaka iliyopita, kabla watu hawajazalisha kondoo wakubwa wa siku hizi.

Sasa litazame jina. Soay ni neno la lugha ya Wanoski, maana yake kisiwa cha kondoo. Kama Wanoski walifika wakakiita hivyo, basi inaelekea kondoo walikuwapo tayari. Na kondoo haogelei kilomita 64 za Atlantiki. Aliletwa na mtu, katika boti, pengine amefungwa miguu. Kwa hiyo kondoo wa Soay ni kama barua iliyoandikwa na wafugaji wa kale, na barua hiyo bado inatembea na kula majani.

Mwaka 1932, baada ya watu kuhama, kondoo 107 walitolewa Soay wakapelekwa Hirta. Wapo mpaka leo, na wataalamu wa wanyama huwahesabu kila mwaka.

VICHANJA NA UDONGO

Kitu kinachomshangaza mgeni wa Hirta ni vichanja vyake vya mawe. Wenyeji waliviita kleti. Ni vijumba virefu kidogo, vimejengwa kwa mawe bila udongo wala saruji, na juu vimefunikwa kwa mawe mapana na tabaka la majani na udongo wake. Mvua haiingii juu, lakini upepo unapenya ubavuni katikati ya mawe. Yaani upepo ule ule unaosumbua watu waliufanya mtumishi wao. Ndani waliweka ndege waliochinjwa, mayai, manyoya, majani ya mifugo na udongo wa kuchoma motoni, kwa kuwa kuni hakuna. Nyama ilikauka bila moshi. Hirta peke yake ina kleti zaidi ya 1,200. Hesabu hiyo ni kwa watu wasiozidi 200! Viko kijijini, mabondeni, hata ukingoni mwa majabali.

Ndege ndio waliokuwa riziki yao. Walikula nyama na mayai. Mafuta ya ndege waliyawashia taa. Manyoya ya ndege yalikuwa kodi, kwa sababu ardhi haikuwa yao. Ilikuwa ya mkuu wa ukoo wa MacLeod, aliyekaa kisiwa cha Skye, naye alituma mtu kila mwaka kukusanya kodi kwa manyoya, mafuta, nafaka na nguo za sufu. Pesa hawakuzijua mpaka baadaye sana.

Mabaki ya ndege, majivu na samadi walivirundika, na wakati wa kupanda wakavitia shambani. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aberdeen walieleza kwamba udongo wa mashamba ya Hirta umejaa risasi, zinki na aseniki kupita kiasi. Vitu hivyo vilitoka kwenye mizoga ya ndege na kwenye majivu, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, katika vishamba vile vile. Msituelewe vibaya. Samadi ni mbolea nzuri. Jambo la ajabu hapa ni kwamba udongo unatunza kumbukumbu ya kila kilichotupwa juu yake.

Kisiwa cha tatu, Boreray, kina miteremko mikali mno. Watu walidhani huko hawakuishi wakulima, bali walikwenda wawindaji wa ndege na wachungaji kwa siku chache tu. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba wapimaji wameona mabaki ya mashamba ya ngazi mlimani, na jengo lililofunikwa na udongo. Kumbe hata pale watu walilima!

MAKABURI

Makaburi ya Hirta yamezungushiwa ukuta wa mawe. Mengi hayana jina. Ndani yake wamelala watoto wachanga wengi. Katika karne ya 19 watoto walizaliwa wazima, wakanyonya, na baada ya siku chache taya zikakaza, wakafa. Ulikuwa pepopunda wa watoto wachanga. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, huingia kwa kitovu kisichotunzwa kwa usafi. Mama aliweza kuzika watoto watano, sita. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji wao, Angus Fiddes, hakuridhika. Alisafiri bara kujifunza namna ya kukata na kutunza kitovu kwa dawa ya kuua vijidudu, akarudi, akafundisha. Katika miaka ya 1890 vifo hivyo vilikoma.

Lakini kijiji kilikuwa kimekwisha kudhoofika. Vijana walianza kuondoka. Mwaka 1920 walibaki watu 73. Mwaka 1926 homa ya mafua iliua wanaume wanne, na kwa kijiji kidogo kama hicho wanaume wanne ni timu nzima ya boti. Ule mkutano wa wanaume uliokuwa ukikutana barabarani kila asubuhi kupanga kazi ya siku, ukawa wa watu wachache. Tarehe 10 Mei mwaka 1930 waliandika barua kwa serikali. Waliotia sahihi walikuwa 20. Waliomba wahamishwe.

Ng'ombe na kondoo wao walitangulia kwa meli. Halafu, asubuhi ya tarehe 29 Agosti, watu 36 walipanda meli ya serikali iitwayo Harebell. Kabla ya kutoka, kila nyumba iliachwa na Biblia imefunguliwa na kirundo kidogo cha nafaka. Milango ikafungwa. Huko bara wanaume wengi walipewa kazi ya misitu. Fikiri, ndugu: watu waliokulia mahali pasipo mti hata mmoja, wanapewa kazi ya kutunza miti. Mtu wa mwisho aliyezaliwa Hirta kabla ya kuhama alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 93.

Tangu mwaka 1957 kisiwa kiko mikononi mwa shirika la hifadhi la Uskoti, na kila kiangazi watu wa kujitolea huenda kutengeneza kuta na mapaa. Mgeni anaruhusiwa kutembea na kutazama. Haruhusiwi kuokota jiwe.

ZOEZI

1. Mwaka 1697 Hirta ilikuwa na watu 180. Mwaka 1930 walikuwa 36. Walipungua wangapi?
2. Kwa nini jembe la jiwe linathibitisha zaidi kuliko mfupa wa ndege kwamba watu waliishi kisiwani?
3. Umelima ukakuta kigae cha chungu kilichofukiwa. Kabla hujakiondoa, utaandika nini katika daftari lako? Jadilini katika kikundi.